Kujikinga na mbu uani na barazani: mwongozo kamili wa kutumia dawa za mvuke zinazofukuza mbu

Kati ya magharibi na saa ambayo familia inaingia chandaruani kuna saa tatu au nne ambazo kinga nyingi tulizozizoea hazitufikii. Chandarua kimening'inia chumbani kikisubiri, dawa iliyopuliziwa ukutani iko ndani, na sisi tuko nje: mama yuko jikoni uani anasonga ugali, watoto wako mkekani na madaftari yao, baba na jirani wako barazani, na bibi amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, ambako watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamefuatilia mienendo ya mbu kwa miaka mingi, saa hizi za jioni uani zimeonekana kuwa miongoni mwa nyakati ambazo mbu wa malaria humpata mtu asiye na kinga yoyote. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzikinga saa hizo kwa dawa za mvuke, yaani vifaa vinavyotoa kidogo kidogo hewani dawa ya kufukuza mbu, ili eneo zima la kukaa lipate kinga bila kila mtu kujipaka kitu mwilini.

Naomba msomaji aanze na jambo moja, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Dawa ya mvuke inaziba pengo la jioni. Chandarua chenye dawa kinabaki mahali pake. Sehemu kubwa ya kuumwa na mbu wa malaria bado hutokea usiku watu wakiwa ndani wamelala, na hakuna kifaa cha uani kitakachofuta ukweli huo. Anayenunua kifaa cha mvuke kisha akaacha kufunga chandarua amejiongezea hatari.

Inavyofanya kazi

Dawa nyingi za aina hii ni za jamii ya pairethroidi, ambazo zilibuniwa kwa kuiga sumu asilia ya maua ya pareto, zao ambalo wakulima wa Iringa na wa nyanda za juu za Kenya wanalifahamu vizuri. Zinazotumika zaidi katika vifaa vya mvuke ni transfluthrini na metofluthrini. Sifa yake kubwa ni kwamba hugeuka mvuke kwa urahisi: transfluthrini iliyopakwa kwenye kitambaa, karatasi ngumu au utepe wa gunia huanza kupanda hewani kwa joto la kawaida tu, bila moto wala umeme. Mbu anapoingia katika hewa hiyo huchanganyikiwa, hushindwa kumtafuta mtu, hurudi alikotoka au huanguka, na wengine hufa. Asiyekufa mara nyingi hukaa muda bila hamu ya kuuma.

Kwa hiyo unachokinunua hasa ni hewa yenye dawa. Hewa husukumwa na upepo, hupanda ikipata joto, hukwama penye kuta na hutawanyika penye uwazi. Mtu akilielewa hilo, hatua nyingi zilizo hapa chini zitamjia zenyewe, na ataelewa kwa nini kifaa kilekile kinamsaidia jirani kisha kwake kinaonekana hakina maana.

Yaliyothibitishwa hadi sasa

Mwezi Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza pendekezo la kutumia vifaa vya mvuke katika kuzuia malaria, likivitaja kuwa nyongeza juu ya vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani. Ushahidi mkubwa ulitoka Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na washirika wake waligawa karatasi zenye transfluthrini katika vijiji ambavyo tayari vilikuwa vinatumia vyandarua. Maambukizi ya malaria kwa watoto wa huko yalipungua kwa takriban theluthi moja yalipolinganishwa na ya vijiji vilivyopewa karatasi zinazofanana nazo lakini zisizo na dawa.

Ieleweke hata hivyo kwamba karatasi za Busia zilitundikwa ndani ya nyumba, na pendekezo lenyewe linahusu matumizi ya ndani. Kwa upande wa nje, ushahidi tulio nao unahusu zaidi kupungua kwa mbu wanaouma kuliko kupungua kwa wagonjwa. Tanzania imechangia sana katika eneo hili. Watafiti wa Ifakara wamejaribu tepe za magunia zilizotiwa transfluthrini na kufungwa kwenye upenyo kati ya ukuta na paa, mapambo ya katani yaliyotundikwa kwenye baa za wazi, viti vyenye dawa, na hata kandambili zilizofungwa utepe wa dawa, na mara nyingi mbu waliowafikia watu walipungua kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana naona inafaa kuzitumia uani, mradi tusizidai zaidi ya zinachoweza kutoa.

Hatua ya kwanza: ijue jioni ya nyumba yako

Kabla ya kutoa shilingi yoyote, chukua daftari na kwa jioni tatu andika nani anakaa wapi, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Kazi hii inaonekana ya kitoto, ila ndiyo itakayokuambia kifaa kiwekwe wapi. Familia nyingi hudhani mahali pa hatari ni barazani penye maongezi, kumbe anayekaa nje muda mrefu kuliko wote ni mpishi. Ametoka kuosha vyombo saa kumi na mbili jioni, akawasha jiko, akapika, akapakua, kisha akarudi kusugua sufuria, na saa tatu usiku bado yuko palepale ameinama, mgongo umeelekea kichakani. Moshi wa kuni humsaidia kidogo upande mmoja, wakati yanayoumia ni macho na mapafu yake.

Andika pia miguu ya watu iko wapi. Mbu wanaoeneza malaria kwetu, hasa mtu akiwa amekaa nje, hupenda kuuma chini: vifundo vya miguu, nyayo na sehemu ya chini ya goti. Hawachagui ladha ya ngozi ya mguu. Huruka chini karibu na ardhi, na mguu ndio wa kwanza kukutana nao. Mchunguze mtoto aliyekaa kwenye benchi akiwa amevaa sweta nzito na kaptula, anavyosugua kisigino cha mguu mmoja kwenye ugoko wa mguu mwingine bila kuacha kusoma. Msuguo huo ndio ramani yako. Kifaa kinachotundikwa juu kwenye boriti kwa sababu panapendeza kinaweza kuwa kinalinda vichwa ambavyo mbu hawana haja navyo.

Hatua ya pili: chagua kifaa

Sokoni vipo vya aina mbili. Vipo vinavyohitaji joto: dawa ya kuchoma iliyozungushwa kama konokono, vya kuchomeka kwenye soketi ya umeme na vinavyotumia gesi au betri. Na vipo visivyohitaji chochote: karatasi, wavu au utepe uliokwisha kutiwa dawa kiwandani, unaotundikwa na kuachwa ufanye kazi kwa wiki kadhaa, na vingine kwa miezi mingi.

Kwa uani usio na umeme na kwa familia inayokaa nje kila siku, mimi ningependelea vile visivyohitaji joto. Havina moto wa kumuunguza mtoto, havina moshi na hakuna mtu anayehitaji kukumbuka kuviwasha. Dawa ya kuchoma ni rahisi kuipata na inapunguza mbu, lakini moshi wake si wa kuuchukulia kirahisi: utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba chembe ndogo za moshi zinazotolewa na kipande kimoja kikiungua chote zinalingana na zile za sigara 75 hadi 137. Ukilazimika kuitumia, itumie nje penye hewa tu, mbali na kichanga na mtu mwenye pumu, na usiiwashe kabisa katika chumba kilichofungwa watu wakiwa wamelala.

Iwe ya aina yoyote, soma pakiti dukani kabla ya kulipa. Tafuta jina la dawa yenyewe, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, muda ambao kifaa kinafanya kazi baada ya kufunguliwa, na maelezo kama kimeruhusiwa kutumika ndani, nje au kote kuwili. Kwa Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu (PCPB). Chupa isiyo na maandishi, au dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, iache hapohapo.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona linavyofanyika: mtu amesikia habari za tepe za magunia, akaamua kuchovya gunia lake katika dawa ya kunyunyizia nyanya au ya kuogeshea ng'ombe. Dawa hizo hazikutengenezwa kugeuka mvuke kwa kipimo salama kwa mtu anayeivuta kila jioni, na nyingi hazigeuki mvuke kabisa, kwa hiyo unapata sumu mikononi bila kupata kinga. Zile tepe za watafiti zilitiwa dawa maalumu kwa vipimo maalumu.

Hatua ya tatu: pima upepo

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Jioni, muda uleule ambao mnakaa, chota majivu makavu kwa vidole viwili, nyanyua mkono usawa wa goti na uyaachie. Tazama yanakoelekea. Rudia sehemu nne: penye jiko, penye mkeka, mlangoni na ukingoni mwa uwanja. Rudia tena baada ya saa moja, kwa kuwa sehemu nyingi upepo wa jua likizama si ule wa saa mbili usiku, na pwani hasa upepo wa baharini hutulia jioni na baadaye ukaanza kutoka bara.

Majivu yakianguka wima, eneo lako limetulia na mvuke utakaa. Yakisogea taratibu, umejua upande wa kuweka kifaa. Yakipeperuka yote kabla ya kufika chini, mvuke wako nao utapeperuka vivyo hivyo. Jioni ya namna hiyo usikitegemee kifaa, tegemea nguo ndefu na mafuta ya kujipaka yanayofukuza mbu. Upepo mkali huwapa mbu shida ya kuruka pia, ila hujificha nyuma ya ukuta, na mara nyingi nyuma ya ukuta ndipo na watu walipokimbilia.

Hatua ya nne: weka kifaa mahali pake

Kiweke upande upepo unakotokea, ili mvuke uwapitie watu ukielekea upande wa pili. Kiwe karibu, hatua mbili au tatu kutoka walipo, kwa sababu kadiri unavyosogea ndivyo dawa inavyopungua hewani. Urefu wake uwe kati ya goti na kiuno cha mtu aliyesimama, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki. Chini ya ukingo wa meza, kwenye mguu wa benchi refu kwa upande wa nyuma, au kwenye nguzo ya baraza, vyote vinafaa.

Kifaa kimoja katikati ya uwanja mpana kinapoteza nguvu bure. Ni afadhali kubadilisha mpangilio wa watu kuliko kuongeza vifaa: sogeza mkeka uwe karibu na ukuta, leta meza ya watoto upande huo huo, na ikiwezekana jiko liwe kwenye kibanda chenye paa na kuta mbili au tatu za makuti au matete. Eneo lililozingirwa nusu huhifadhi mvuke vizuri kuliko uwanja wazi na bado lina hewa ya kutosha. Familia ikiwa kubwa na imetawanyika, tumia vifaa viwili vilivyokabiliana, kimoja kwa mpishi na kingine kwa waliokaa, bila kuvuka idadi iliyoandikwa kwenye pakiti.

Usikiweke juu ya jiko wala kando yake, hata kama unatamani joto liharakishe mvuke. Ni kweli kwamba dawa hupanda haraka zaidi penye joto, na kwa sababu hiyohiyo itakwisha mapema, itaingia kwenye chakula, na karatasi inaweza kushika moto. Mvua na jua la moja kwa moja navyo huifupishia maisha, kwa hiyo kiweke chini ya ukingo wa paa. Jioni za baridi, kama zile za Juni na Julai nyanda za juu, tarajia nguvu ndogo kutoka kwa vifaa visivyotumia joto.

Hatua ya tano: muda

Vya kutundika, viache mahali pake muda wote. Vya kuwasha, viwashe nusu saa kabla ya watu kukaa, maana hewa inahitaji muda kujaa; anayewasha baada ya kuumwa mara ya kwanza amechelewa. Siku unayofungua kifaa kipya andika juu yake tarehe kwa kalamu ya wino, na chini yake tarehe ya kukibadilisha. Karatasi iliyokwisha nguvu haibadiliki rangi wala harufu. Inaendelea kuning'inia vilevile, na familia inaendelea kuiamini.

Hatua ya sita: usalama wa waliomo nyumbani

Shika kifaa kwa pembe zake, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, macho au mtoto. Funika mboga na maji ya kunywa. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki, hivyo mwenye bwawa la samaki au anayekaa ukingoni mwa mto asitundike juu ya maji. Paka pia huathirika kuliko mbwa, kwa kuwa mwili wake hushindwa kuivunja sumu hii, na nyuki vilevile. Mzinga usiwe karibu. Mtu akianza kukohoa, kuwashwa na ngozi ya uso au kuumwa kichwa kila mnapotumia kifaa, kiondoeni na mwende kituo cha afya na pakiti yake, ili mhudumu aone jina la dawa.

Hatua ya saba: hakikisha kinafanya kazi

Usimkalishe mtu miguu wazi ili kuhesabu mbu. Fanya hivi: kwa wiki mbili, kila mtu kabla ya kulala aseme ni mara ngapi alihisi kuumwa, na idadi iandikwe kwenye kalenda ukutani. Wiki moja kifaa kiwepo, wiki moja kisiwepo, na kila mtu aendelee kuvaa nguo zake ndefu. Mbu wanaouma si wa malaria wote. Wengi wa mijini wanaozaliana kwenye vyoo na mitaro ni wa aina nyingine, ila kupungua kwao ni dalili nzuri kwamba hewa yenye dawa inawafikia. Pasipokuwa na tofauti, rudia jaribio la majivu kabla hujalaumu dawa.

Majirani, misiba na shambani

Mbu aliyefukuzwa kwako hana budi kula mahali. Utafiti uliofanyika Bonde la Kilombero kuhusu dawa za kujipaka ulionyesha kwamba kaya isiyo na kinga, ikizungukwa na kaya zinazoitumia, inaweza kupata mbu wengi zaidi. Suala hili linanigusa kuliko mengine yote ya mwongozo huu, kwa kuwa asiyenunua mara nyingi ni asiye na uwezo. Mkiwa kaya nne zinazotumia uwanja mmoja, changeni pamoja na mpange vifaa kwa uwanja wote. Gharama kwa kila kaya itapungua na hakuna atakayeachiwa mbu wa wenzake.

Msibani watu hulala nje usiku kucha, wageni wametoka mbali na vyandarua havitoshi. Kamati ya msiba inayogawa maturubai na viti inaweza kugawa na vifaa vya mvuke, kwanza upande wa akina mama waliolala mikekani na watoto. Turubai lenye pande zilizoshushwa kiasi huhifadhi mvuke vizuri. Kwa wakulima wa mpunga wanaohamia mashambani kwa miezi kadhaa, kibanda cha muda chenye kuta za nyasi ni mahali pa hatari sana, kwani mtu amelala karibu kabisa na maji. Huko beba chandarua kwanza, kisha kifaa cha kutundika kwenye upenyo wa upande upepo unakotokea. Mlinzi wa usiku na mama lishe wa stendi wanaobadilisha mahali mara kwa mara watapata nafuu zaidi kwa mafuta ya kujipaka yenye DEET au ikaridini, soksi, viatu vya kufunika na suruali ndefu.

Homa ikija

Hakuna mpangilio wa vifaa unaofikisha kuumwa sifuri. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe ndani ya saa 24, hata kama uani kwako mbu wamepungua, na asipewe dawa mseto ya malaria kabla ya kipimo kwa kudhani tu.

Kuondoa kilichokwisha

Tarehe uliyoiandika ikifika, shusha kifaa jioni kabla ya kufungua kipya, kikunje upande wenye dawa uwe ndani, kiweke kwenye mfuko wake wa awali na ufuate maelekezo ya pakiti. Usikichome jikoni, usikitupe mtoni, kisimani wala kwenye shimo la maji ya mifugo, na usimpe mtoto achezee au fundi afungie mzigo. Pasipo na huduma ya kukusanya taka, kifukie kwa kina, mbali na kisima na bustani ya mboga. Kisha nawa mikono, tundika kipya palepale ambapo majivu yalikuonyesha, na uandike tarehe.